Tumbo la Kuendesha: Namna ya Kuisoma Sababu Yake Nyumbani, kwa Wakazi wa Lamu

Mtu aliyeamka usiku mara nne kwenda msalani hujiuliza kwanza amekula nini, na jamaa zake wakipambazukiwa humuuliza swali hilohilo. Ni swali la maana, lakini lina wakati wake, kwa sababu kuhara si ugonjwa mmoja bali ni dalili inayoletwa na mambo mengi, na chakula cha mwisho alichokula mgonjwa mara nyingi husingiziwa kosa la maji aliyokunywa juzi. Mwongozo huu unafuata utaratibu ambao mtu wa nyumbani anaweza kuufuata bila vyombo vya maabara: kuhakikisha, kurudisha maji, kutazama, kuhesabu, kisha kuamua.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba ni kuhara

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtu anahara anapopata choo chepesi au cha majimaji mara 3 au zaidi katika saa 24, au mara nyingi kuliko ilivyo kawaida yake. Kwa hiyo choo kimoja chepesi baada ya karamu si kuhara, na kwenda msalani mara kwa mara huku choo kikiwa kigumu pia si kuhara. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee hupata choo laini cha rangi ya manjano mara kadhaa kwa siku, pengine kila anaponyonya, na hiyo ni afya yake; linalopaswa kumshtua mama ni badiliko la ghafla, choo kikiwa maji matupu, kikiwa na damu, au mtoto akikataa titi. Andika saa ya choo cha kwanza mahali popote, hata ukutani kwa mkaa, kwa kuwa utaihitaji mbele.

Hatua ya pili: Rudisha maji kabla ya kutafuta mkosaji

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae sana. Katika kuhara kwa majimaji, kinachoua kwa haraka ni maji na chumvi vinavyomtoka mgonjwa, na hasara hiyo hutibiwa kwa njia ileile iwe imeletwa na virusi, bakteria au samaki aliyeharibika. Bado ziko nyumba ambamo mtoto anayehara hunyimwa maji kwa hoja kwamba akinywa atahara zaidi. Hoja hiyo hudanganya kwa sababu inaelekea kuonekana kweli: choo hakikatiki upesi. Lakini choo kitaendelea hata asipokunywa, na tofauti ni kwamba atakuwa akitoa asichorudishiwa.

Maji matupu pekee hayatoshi. Utumbo unaougua hushindwa kuzuia maji yasitoke, lakini mara nyingi mlango mmoja hubaki wazi: sukari na chumvi zikifika pamoja kwa kipimo kinachofaa, hufyonzwa pamoja, na maji huzifuata. Juu ya jambo hilo ndipo dawa ya ORS ilipojengwa, yaani pakiti ya sukari na chumvi zilizopimwa, ya kuchanganywa na maji ya kunywa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliitumia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India baada ya maji ya kutundikia mshipani kumwishia, na vifo vya kipindupindu vikapungua sana pale. Leo pakiti hizo hupatikana zahanati na katika maduka ya dawa. Soma maandishi ya pakiti, kwa kuwa nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita 1, na kuichanganya ya lita 1 katika nusu lita ni kumpa mgonjwa chumvi maradufu. Ukishachanganya usichemshe, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji salama, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu, ukoroge mpaka viyeyuke. Uonje kabla ya kumpa: yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Sasa liko jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa bara havilitaji, nalo kwetu ni kubwa. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, hasa wakati wa kiangazi. Maji ya namna hiyo yasitumiwe kuchanganyia ORS wala maji ya sukari na chumvi, kwa sababu chumvi yake huongezwa juu ya ile iliyopimwa, na chumvi iliyozidi humdhuru mtoto mchanga badala ya kumponya. Kuyachemsha hakusaidii, bali huzidisha ukali wake, kwa kuwa mvuke hutoka na chumvi hubaki. Tafuta maji matamu: ya mvua, ya bomba, au ya chupa ikibidi, hata kama ni lita 1 tu ya kuazima kwa jirani.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe kila baada ya choo cha majimaji. Wa miaka 2 hadi 10 apewe nusu hadi kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uanze tena kijiko kimoja kimoja, kwa kuwa kutapika mara moja si sababu ya kuacha. Mtoto anyonye kama kawaida na apewe chakula chake, uji, wali laini au ndizi, wala asifungishwe njaa. Madafu ni kinywaji chema kwa aliyehara kidogo, lakini yana chumvi haba, kwa hiyo hayashiki nafasi ya ORS kwa mtoto aliyenyauka. Soda na juisi zenye sukari nyingi huvuta maji kuingia utumboni na kuongeza kuhara. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, bila kukatiza hata choo kikiganda siku ya tatu.

Na likitokea hilo mwezi wa Ramadhani, mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Aliyehara mchana kutwa hana haja ya kusubiri mwadhini.

Hatua ya tatu: Tazama choo chenyewe

Watu huona haya kutazama, lakini mganga wa zahanati atakuuliza, na jibu la «sikuangalia» humpunguzia mwanga. Ziko sura tatu za kutofautisha.

Ya kwanza ni majimaji ya ghafla bila damu. Kwa watoto wadogo mshukiwa mkubwa ni virusi vya rota, ambavyo huanza kwa kutapika na homa, kisha maji, na huchukua siku 3 hadi 8. Kenya ilianza kutoa chanjo yake katika ratiba ya kawaida mwezi Julai 2014, na dozi ya kwanza hutolewa mtoto afikapo wiki 6, basi litazame daftari la kliniki kabla ya kumlaumu mtu. Nyumba nzima ikitapika na kuhara ndani ya siku mbili, wakubwa kwa wadogo, kisha wote wakapona kwa siku 1 hadi 3, hiyo ni desturi ya virusi vya noro. Majimaji yakiwa mengi kupita kiasi, yamepauka kama maji yaliyooshewa mchele, yanatoka bila msokoto mkubwa wa tumbo wala homa, mshuku kipindupindu mara moja. Mtu mzima aliyeshikwa vikali aweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, kwa hiyo hakuna kusubiri asubuhi. Katika mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 na kuendelea mwaka uliofuata, kama katika milipuko yote, wengi walioambukizwa hawakuugua sana, na hao ndio wanaotembea na vimelea bila kujijua.

Ya pili ni kuhara damu. Choo huwa kidogo kidogo, chenye damu na kamasi, na mgonjwa hujikamua kwa maumivu bila kutoshelezwa. Kikija na homa kali na kwa ghafla, aghalabu ni bakteria wa shigela, ambao wachache mno, hata chini ya mia moja, hutosha kumwambukiza mtu. Ndiyo maana hupita kutoka mkono hadi mkono ndani ya familia. Kikija polepole, kwa siku au wiki, bila homa kubwa, huenda ikawa ameba. Nasema huenda, kwa kuwa kwetu neno ameba limekuwa jina la kila tumbo linalouma, na watu hununua vidonge vyake kwa mazoea, ilhali kuhara damu kwa mtoto ni mara nyingi zaidi shigela, inayotaka dawa nyingine kabisa. Damu katika choo ni safari ya kituo cha afya, si ya duka la dawa.

Ya tatu ni kuhara kunakodumu siku 14 au zaidi. Choo chenye mafuta, kinachonuka vibaya, pamoja na tumbo kujaa gesi na mwili kukonda, huelekeza kwenye kimelea cha utumbo kiitwacho jiadia. Kwa mtu ambaye kinga yake imepungua, na kwa mtoto mwenye utapiamlo, kuhara kwa muda mrefu kuna sababu nyingi zinazohitaji kupimwa.

Hatua ya nne: Hesabu saa kwenda nyuma

Sasa ndipo ulizo la chakula linapopata nafasi yake, na saa uliyoiandika inapofaa. Kila sababu ina muda wake wa kukaa mwilini kabla ya kujidhihirisha.

Dakika chache hadi saa moja baada ya kula jodari, vibua au nguru, uso ukawiva mwekundu, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio na tumbo likaendesha, hiyo si maambukizo. Ni sumu iitwayo histamini, inayozalika katika nyama ya samaki hao wanapokaa kwenye joto bila barafu. Aliyeila husema samaki alikuwa na ukali wa pilipili. Kupika hakuiondoi, wala kukaanga, wala ndimu. Kinachoizuia ni barafu tangu chomboni. Mvuvi aliyepata jodari alfajiri akamuuza saa sita bila barafu ameuza mashaka, hata kama macho ya samaki bado yanang'aa.

Saa 1 hadi 6, na kutapika kukitangulia, ni sumu iliyokwisha tengenezwa ndani ya chakula kabla hakijaliwa. Wali ni mfano wetu wa karibu: mbegu za bakteria fulani hustahimili kuchemka, na sufuria ikiachwa mezani tangu adhuhuri hadi usiku, huota na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiui. Nyama ya sufuria kubwa ya harusi huleta jambo jingine. Katikati ya sufuria hupoa polepole mno, bakteria huongezeka humo, na walaji huanza kuumwa tumbo na kuhara saa 6 hadi 24 baadaye bila kutapika sana. Anayepika pilau ya watu mia mbili aigawe katika sinia pana inapobaki, badala ya kuifunika ndani ya sufuria mpaka kesho. Ninajua kwamba mpishi hatapenda kuambiwa hivyo.

Kaa, kamba na chaza wasioiva sawasawa hubeba jamaa za kipindupindu wanaoishi katika maji ya bahari yenye joto, nao huumiza tumbo kwa kawaida ndani ya siku moja. Bakteria wa salmonela huchukua saa 6 hadi siku 6, shigela siku 1 hadi 3, na wale wa kuku asiyeiva siku 2 hadi 5. Jiadia huchukua wiki moja hadi mbili au zaidi. Tazama basi jinsi kiazi karai cha jana jioni kinavyoweza kulaumiwa kwa kosa la maji ya wiki iliyopita.

Wakiugua wengi waliokula sahani moja, wakati mmoja, shuku sahani. Wakiugua wanaoteka mahali pamoja lakini hawakula pamoja, shuku maji.

Hatua ya tano: Yafuate maji mpaka yanakotoka

Maji ya mji wa Lamu hutoka kwa kiasi kikubwa katika visima vya Shela, ambako mvua hupenya vilima vya mchanga na kukaa chini yake, ikielea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi. Huko yanakoanzia yamechujwa na mchanga. Hatari huingia njiani na nyumbani. Ndani ya mji wa kale visima na vyoo vya shimo vimekaribiana kwa kuwa nyumba zimekaribiana, na kipimo kinachopendekezwa cha mita 30 baina ya choo na kisima hakiwezekani Mkomani wala Langoni. Kwa hiyo kisima cha uani kifikiriwe kuwa cha kufulia na kuoshea, hata kama maji yake ni maangavu na mababu waliyanywa.

Birika la nyumba ya kale, yaani tangi la kuwekea maji, lina hekima yake: visamaki vinavyowekwa humo hula viluwiluwi vya mbu. Lakini samaki hawali bakteria, na kata inayoingia humo hushikwa na kila mkono unaotoka chooni. Lisiwe la kunywa. Katika visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu, ambako jabia hukusanya mvua, mvua za mwanzo huosha uwanja wa jabia pamoja na vinyesi vya mbuzi na ndege, basi maji hayo ya kwanza yaachwe yapite. Masika ndiyo majira ya kuangalia zaidi, maji ya mitaro yanapofurika pamoja na samadi ya punda na kuingia visimani.

Kuyatibu, yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu walau dakika 1, kisha yapoe katika chombo chenye kifuniko. Klorini ya dukani nayo hufaa ukifuata kipimo kilichoandikwa na kungoja dakika 30, lakini maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, na ujue kwamba vimelea vingine, kama kriptosporidia, huistahimili klorini ilhali hufa kwa moto. Kuni zikiwa ghali, chupa angavu za plastiki zilizojazwa maji yasiyo na uvundo wala tope na kulazwa juani saa 6 huua vimelea vingi. Siku ya mawingu ziachwe siku 2. Kisha mimina kutoka chomboni badala ya kuchota, kwa sababu maji yaliyochemshwa na kutiwa kikombe chenye mkono mchafu yamerudi yalikokuwa.

Mgeni wa bara anayeharisha wiki yake ya kwanza huenda hana vimelea vyovyote. Maji ya visima vya chumvi huwa na madini ya magnesiamu na salfeti, ambayo yakizidi hulegeza tumbo la asiyeyazoea.

Hatua ya sita: Kagua mikono, nzi na chupa

Kustanji kwa maji ni usafi, lakini mkono uliofanya kazi hiyo hautakasiki kwa maji peke yake. Sabuni ikae chooni, au jivu ikikosekana. Kinyesi cha mtoto hudhaniwa hakina madhara, na nepi hufuliwa karibu na vyombo. Hubeba vimelea kama cha mkubwa. Chakula kifunikwe kwa kawa, kwa kuwa nzi anayetoka kwenye samadi ya kichochoroni hapigi hodi. Chupa ya kunyonyeshea ina pembe na chuchu zisizosafishika vizuri, na mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya maziwa ya mama pekee haihitaji. Akihitaji maziwa mengine, kikombe kidogo ni rahisi kukisugua.

Hatua ya saba: Kumbuka sababu zisizo za vimelea

Dawa za antibiotiki zenyewe huweza kuharisha, kadhalika dawa za kiungulia zenye magnesiamu. Wako watu wazima ambao maziwa mabichi au ya chai nyingi huwaendesha kwa sababu miili yao haimeng'enyi tena sukari ya maziwa. Malaria kwa mtoto yaweza kuja na kuhara, kwa hiyo homa ipimwe. Ama kuota meno, hakuleti kuhara. Mtoto wa umri huo hutia kila kitu kinywani, na humo ndimo vimelea hupita.

Hatua ya nane: Zizuie dawa zisizohitajika

Kuhara kwingi kwa majimaji hupona kwenyewe, na antibiotiki hazina kazi juu ya virusi. Dawa za kuukaza utumbo zisipewe mtoto kabisa, wala mkubwa mwenye homa au damu katika choo, kwa sababu humfungia adui ndani.

Hatua ya tisa: Jua saa ya kupanda boti

Mpeleke mgonjwa bila kukawia ukiona macho yameingia ndani, utosi wa mchanga umebonyea, mtoto analia bila machozi, mkojo haujatoka kwa saa 6 au zaidi, analegea au haamki vizuri, hawezi kunywa, au anatapika kila kitu. Finya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kisha uiachie. Ikirudi polepole, maji yamempungua sana. Damu, homa kali, na kuhara kwa mtoto wa chini ya miezi 2 navyo havisubiri.

Kwa aliye Matondoni au Kipungani, na zaidi kwa aliye Faza au Kizingitini, hesabu hii ina jambo la pili, nalo ni bahari. Mlango wa bahari wa Mkanda hupitika kwa shida maji yakipwa, kusi ikivuma boti huchelewa, na usiku nahodha hupatikana kwa taabu. Kwa hiyo anayekaa mbali aondoke katika dalili ya kwanza badala ya kungoja ya tatu: magharibi ikikaribia na mtoto hajakojoa tangu mchana, uliza maji yanajaa saa ngapi na umtume mtu kwa nahodha sasa hivi. Wasiliana na mhudumu wa afya wa kijiji ili hospitali ijulishwe. Chukua chupa ya lita 1 ya ORS iliyokwisha changanywa, kijiko, kitambaa cha kumfunika na jua, daftari la kliniki, majina ya dawa alizokwisha kunywa, na karatasi yenye saa ya choo cha kwanza, idadi ya vyoo, sura yake na chanzo cha maji mnayokunywa. Umpe kijiko kila dakika moja au mbili njia nzima, hata akitapika, mpaka mfike gatini.